Nge Aliyezaa Katika Beseni Letu

Mchungaji alilisema jambo hilo mbele ya jeneza, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Alisema marehemu Mama Numbi aliingia duniani kwa mlango wa huzuni, maana kuzaliwa kwake kulimmaliza mama yake, kama watoto wa nge wanavyomla mama yao, na kwamba Mungu kwa huruma yake alimgeuza huyo mtoto wa nge akawa mkunga. Watu wakaitika amina. Wengine walitikisa vichwa kwa utamu wa mfano. Mstari wa kwanza alikuwa amekaa mama yake mchungaji mwenyewe, Mama Selina, mwanamke mzito mwenye fimbo, naye hakuitika wala hakutikisa kichwa, lakini wakati ule sikumjali. Nilikuwa mstari wa tatu, kitenge kimefunika magoti yangu, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakaziba. Zaidi ya nusu karne imepita, rafiki yangu amelala ndani ya sanduku na nguo yake nyeupe ya kazi, na bado wanamsingizia. Nilisimama. Mjukuu wangu akanivuta kitenge akaninong'oneza nikae, "Nkambo, ikala, bantu banatuangalia." Nikamjibu kwamba ule ni uongo, kwa sauti ambayo mistari yote iliisikia: "Ule pasta anasema bongo. Nge hakulake mama yake." Wasichana wawili walinishika mabega wakanikalisha, kwa upole ule wanaotumia kwa wazee waliopotewa na akili. Kilichofuata pale kitakuja mahali pake. Kwanza nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu, kwa sababu tulioyaona tulikuwa wachache na sasa nimebaki peke yangu.

Ukoo wangu na wa Numbi nauacha pembeni. Anayetaka kujua nani alimzaa nani akaulize kijijini, huko watamchosha. Inatosha kusema kwamba mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mimi na Numbi tulikuwa wasichana wa kuolewa, na tuliishi katika nyumba ya dada yangu Juliana ndani ya kambi ya relwe, ya wafanyakazi wa reli, hapa Kamina. Numbi alikuwa mpwa wa shemeji yangu, fundi wa mashine. Malori ya saruji yalikuwa yanapita kutwa kuelekea kiwanja kikubwa cha ndege kilichokuwa kinajengwa nje ya mji, na vumbi lake tulilikuta ndani ya kila kitu, ndani ya chumvi, ndani ya nywele, ndani ya mashuka. Nyumba ilikuwa ya matofali, vyumba viwili, na jiko lake nyuma, kibanda cha bati kilichokuwa cheusi ndani kama chungu. Sisi wawili tulilala kitanda kimoja cha chuma kando ya magunia ya unga wa muhogo, na ukuta kati yetu na chumba cha dada haukufika kwenye bati. Waliojenga kambi waliona matofali ya kumalizia kuta za watu weusi ni hasara. Kwa hiyo tulisikia kila kitu. Tulisikia shemeji akipiga chafya, tulisikia ugomvi wa nguo za sikukuu, tulisikia wageni walipodhani tumelala au tumekwenda kisimani. Mambo mengi ninayoyajua kuhusu watu wazima niliyapata kupitia uwazi ule wa juu ya ukuta.

Msibani walimsifu Numbi kuwa alikuwa mpole tangu utoto. Hilo nalo ni la kutunga. Numbi alikuwa na ulimi mkali na mkono mwepesi, alijua kuiga mwendo wa kila mtu kambini, na alipokuwa anasonga bukari, ugali wetu wa muhogo, alikuwa anaizungumzia kama mtu mkaidi. Kitu kimoja tu kilimfunga mdomo. Mama yake alikufa siku ya kumzaa, kijijini, mbali na hospitali, na tangu alipoanza kusikia maneno ya watu aliitwa mtoto wa nge. Si kwa matusi, la. Walimwita hivyo kwa upole, kama mtu anavyoitwa Mfupi au Kilema, na ndiyo maana sikuwasamehe. Kila mtu kwetu alijua, au alisema anajua, kwamba watoto wa nge wakishazaliwa humpanda mama mgongoni, humla taratibu mpaka abaki gamba, kisha hutawanyika. Ushahidi ulikuwepo: magamba yenyewe. Ukilima kwenye udongo mgumu karibu na vichuguu utaliona moja, kubwa, lenye mikono, miguu na mkia kamili, jepesi, tupu ndani. Ukilipulizia linaruka. Wanawake waliliokota, wakalionyeshana, wakasema, ona alivyofanywa na watoto wake. Nami niliwahi kusema hivyo, kama wote.

Nisingeandika ukurasa mzima juu ya hayo kama si ndoa. Kijana aliyeitwa Banza, mfunga breki wa treni za Bukama, alimpenda Numbi, na Numbi alimpenda kwa namna yake ya kumcheka. Banza hakuwa na neno baya. Lakini alilelewa na shangazi yake, Mama Mwadi, na kwa Mama Mwadi ndiko mambo yote yalikopita. Mama huyo alikuwa mpiga pasi nyumbani kwa Madame Berta, mzungu aliyefundisha wanawake na wasichana kwenye fuaye, ile shule ya kushona, kuosha watoto na kuweka maua mezani. Alikuja kwetu jioni moja kumkagua Numbi, kama wanavyokuja. Dada Juliana alipika kwa jasho: bukari nyeupe, sombe, yaani kisamvu, ya mawese, na samaki wakavu wa Mulongo waliofika Bukama kwa mashua na kwetu kwa treni, wale wenye harufu inayotangulia mlangoni. Mama Mwadi alikula vizuri, alisifu sombe, aliomba kuongezewa. Kisha sisi tulipokwisha kutoa vyombo na kuingia chumbani, nilisikia sauti yake ikipita juu ya ukuta, tulivu kabisa, akimwambia dada yangu kwamba msichana ni mzuri, mikono ni mizuri, lakini mwenye kumla mama yake wakati wa kuja atakula nini wakati wa kukaa. Nyumba yao haina watu wengi wa kupoteza, alisema. Numbi alikuwa amekaa kitandani karibu nami. Hakulia. Alikuwa anachambua uzi kwenye pindo la blanketi, akauvuta mpaka pindo lote likafumuka.

Dada Juliana alijaribu kumtetea. Alisema hayo ni maneno ya vijijini. Basi hapo Mama Mwadi akatoa silaha yake. Alisema, na ninanukuu bila kuongeza chumvi, "Juliana, hii haiko maneno ya kijiji. Hata Madame anajua. Alitufundishaka ku fuaye, na kitabu mu mukono." Na ni kweli Madame alifundisha. Wiki chache kabla, msichana mmoja alikuwa amemjibu mama yake vibaya, na Madame, kwa Kiswahili chake cha kuamuru, alitupa somo la shukrani. Alimchora nge ubaoni, akampa miguu sita badala ya minane, akasema hata wanyama wanatuonya, tazameni huyu, watoto wake wanamla. Vichwa vyote viligeuka kumtazama Numbi. Numbi akainua mkono, akauliza kama Madame aliwahi kuona. Madame akakasirika, akasema jambo hili linajulikana, na kwamba sisi wenyewe tunalijua kuliko yeye. Kitabu alichokishika kilikuwa cha mishono.

Sasa sikilizeni lililonikaa rohoni mpaka leo. Mama Mwadi huyo huyo, mwezi mmoja kabla ya somo lile, alikuwa jikoni kwetu akijisifu jinsi Madame anavyopenda hadithi zake. Alisema anapopiga pasi, Madame huvuta kiti, huuliza habari za wanyama na desturi, naye humpa. Akazitaja moja moja: ya chatu, ya kinyonga, na ya nge anayeliwa na watoto wake, ambayo Madame aliipenda mno. Kwa hiyo uongo uliingia nyumba ya mzungu kwa mlango wa jikoni, pamoja na kikapu cha nguo, ukatokea mlango wa mbele umevaa kofia, na yule yule aliyeupeleka akaupokea kwa heshima kama mgeni. Yeye alikuwa na hakika kwa sababu Madame alisema. Madame alikuwa na hakika kwa sababu wenyeji walisema. Katikati ya hakika hizo mbili hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuchuchumaa na kumwangalia nge. Nilipomweleza Numbi nilichokikumbuka, akasema, "Basi minyi nitaangalia."

Mama Mwadi hakukataa moja kwa moja. Watu wa namna hiyo hawakatai. Alisema atarudi baada ya mavuno ya kwanza ya mahindi kutoa jibu. Mvua zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza. Nyuma ya kambi, kati ya mashamba yetu madogo na njia ya treni, udongo ulikuwa mgumu na mwekundu, na huko mashimo ya nge yalijulikana. Shimo la nge mkubwa halifanani na la panya: mdomo wake ni mpana na wa kulala, kama mwezi mchanga uliogeuzwa, na mbele yake kuna kilima kidogo cha udongo anaoutoa mwenyewe kwa mikono na miguu. Ndani linashuka kwa kujipinda, mpaka mahali penye ubaridi. Tulichimba asubuhi baada ya mvua, Numbi na jembe, mimi na koleo la mkaa na beseni jeupe la dada lenye ukingo wa bluu. Alipotokea, nilirudi nyuma. Alikuwa mrefu kupita kiganja changu, mweusi wa kukaribia kijani, na mikono yake ilikuwa minene kama ya kaa. Alitoa sauti, mlio kama wa mtu anayevuta pumzi kwa meno. Baadaye tuliona kwamba anasugua vile vitaya vyake vya mdomoni. Huyu mkubwa mwenye mikono minene anauma kama nyuki mwenye hasira, unavimba, unapona. Wa kuogopwa ni yule mdogo wa manjano mwenye mikono myembamba na mkia mnene. Watu huwa wanakimbia aliye mkubwa na kumkanyaga mdogo peku. Numbi alimkamata kwa koleo nyuma ya mkia, akamweka ndani ya beseni, akamtazama pembeni. Mbavu zake zilikuwa zimevimba mpaka ngozi laini kati ya magamba imenyooka, nyeupe. Alikuwa na mimba.

Tulimweka jikoni, kwenye kona isiyofikiwa na joto la moto, ndani ya lile beseni lenye udongo na kipande cha tofali cha kujifichia. Hawezi kupanda ukuta wa beseni, unateleza, lakini dada alidai tuweke wavu juu na jiwe juu ya wavu, la sivyo yeye na nge mmoja wao atahama. Tulimpa panzi, mende, nyenze wa mvua. Wengi hudhani nge anaona. Macho anayo lakini yanamsaidia kidogo sana. Anasikia kwa miguu. Ukigusa ukingo wa beseni kwa kidole tu, anageuka upande ule ule, na panzi akitua anajua ametua wapi. Hushika kwa mikono, huponda, na mkia hauinui kabisa. Mkia ni wa siku mbaya. Kisha hula polepole, kwa vile vitaya vidogo, anamng'ata na kumlowesha mpaka panzi anakuwa uji, na mlo mmoja unaweza kumkaa siku nyingi. Chini ya tumbo ana vitu viwili kama vichanuo, na akitembea anavipitisha juu ya udongo kama mama anayetafuta sindano sakafuni. Maji hunywa kwenye kitambaa kilicholowa. Numbi alijifunza hayo yote bila kufurahi hata kidogo. Nilidhani mwanzoni ni mchezo, kama kufuga sungura. Siku moja tulipokuwa tunatwanga pilipili aliniambia bila kuniangalia: "Kama banamukula, nitajua kama minyi njo muuaji." Nikamwambia nge ni nge na mtu ni mtu. Akasema hilo nikamwambie Mama Mwadi. Alikuwa na haki, hakuna aliyekuwa anatenganisha. Walimhukumu mtoto mchanga kwa sheria ya mdudu, na hata sheria ya mdudu hawakuijua.

Alizaa wakati wa mvua kubwa, alasiri, bati linapiga kelele mpaka tulikuwa tunaongea kwa ishara. Alijiinua juu ya miguu yake ya nyuma, akakunja ya mbele chini ya tumbo kama mtu aliyekinga viganja, na watoto wakaanza kutoka mmoja mmoja, wazima, bila mayai, weupe kama punje za mchele uliopikwa. Walidondoka kwenye ile miguu iliyokingwa, wakajinyoosha, wakapanda mguu kwa mguu mpaka mgongoni. Hakuna aliyewafundisha. Mmoja alitoka amekufa, na mama alimla. Silifichi, kwa sababu nimeahidi kuandika tulichokiona. Lakini ninawauliza wenye mifano: mama anayemla mtoto, mbona huyo hamkumfanya somo? Mbona hakuna mwanamke kambini aliyeitwa mama wa nge? Aliyelaumiwa ni yule mdogo, mweupe, asiyeweza hata kusimama, kwa sababu mtoto hana wa kumsemea.

Ikaja kazi ya kungoja. Watoto walikaa mgongoni wamesongamana, mama akaacha kutembea. Hatukumgusa, na dada aliwafukuza kwa mwiko majirani waliokuja kuchokonoa kwa vijiti; hapo ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa upande wetu, ingawa alikuwa bado anatusonya. Numbi alikuwa anaingia jikoni kabla ya mtu yeyote na anatoka wa mwisho jioni. Alipungua, bukari ilikuwa inamshinda. Kuna asubuhi alinifuata kisimani, kanga imeshuka, akasema imekwisha, mama hasogei, amekuwa gamba. Tulirudi mbio tukiacha ndoo. Kweli alikuwa amelala bapa, mikono mbele, watoto juu yake kimya. Nikagusa ukingo wa beseni kwa kidole. Mkono wake mmoja ukainuka, polepole, kama mtu mwenye usingizi anayekuambia ngoja. Numbi alikaa chini kwenye majivu na nguo yake safi, na ndipo akalia, alilia mpaka dada akaja kuuliza nani amekufa.

Siku chache baadaye watoto walianza kubadilika. Walitulia, kisha tukaona kila mmoja anapasuka mbele, pale kwenye ukingo wa uso, na kutoka ndani ya nguo yake ya zamani kwa kujisukuma. Waliotoka walikuwa na rangi, kijivu, baadaye weusi, na miguu imara. Nguo zao zilibaki juu ya mgongo wa mama, vipande vyeupe kama pumba za mpunga. Mpaka hapo hawakuwa wamekula kitu chochote, si mama, si panzi. Wasingeweza. Walikuwa wanaishi kwa kile walichozaliwa nacho tumboni, na midomo yao ilikuwa laini, haikati hata mbawa ya inzi. Numbi alichukua ngozi moja ndogo kwa ncha ya sindano, akaiweka juu ya kisahani cha chai. Akaenda chumbani, akarudi na gamba kubwa, moja ya yale yaliyookotwa mashambani, sikujua kwamba alikuwa amelihifadhi. Akaviweka pamoja. Gamba dogo lilikuwa wazi mbele, kwenye ukingo wa uso, na kila mguu, kila kidole, mzima. Kubwa lilikuwa wazi mahali pale pale. Hapakuwa na alama ya jino. Hakuna aliyeliwa. Lilikuwa ni vazi, nge mmoja alikua, likambana, akalivua akaenda zake, na sisi tukaliokota tukalifanyia kesi ya mauaji.

Nge wetu aliendelea kuishi. Baada ya kuvua, watoto walishuka na kupanda tena kwa siku kadhaa, na tulipompa panzi aliponda mwenyewe, akaacha watoto wasogee na kula pembeni yake, kwenye chakula kile kile. Walikula pamoja naye. Mpaka leo nikikumbuka hilo hasira inarudi, maana ukweli haukuwa tu tofauti na uongo wao, ulikuwa kinyume chake kabisa, na ulikuwa nyuma ya nyumba zao miaka yote.

Mahindi mabichi yalipofika, Mama Mwadi akarudi, na Banza nyuma yake amevaa shati la Jumapili. Tulipika tena. Safari hii Numbi ndiye aliyesonga bukari, na hakuizungumzia. Kabla watu hawajanawa, alileta beseni akaliweka juu ya kigoda katikati ya chumba, akaondoa wavu, akaweka kando yake kisahani chenye magamba mawili. Alieleza kwa maneno machache, kwa adabu, ameinama kidogo kama inavyotakiwa mbele ya mkwe. Mama Mwadi alitazama. Nitampa haki yake: alitazama vizuri, kwa muda, hata aliliinua gamba kubwa mbele ya dirisha akalichungulia. Akasema ni kweli, nge haliwi na watoto wake. Dada Juliana alishusha pumzi. Banza akatabasamu akaanza kunawa mikono. Kisha Mama Mwadi akarudisha gamba kwenye kisahani, akasema, bila ukali wowote, "Njo vile, mutoto wangu. Nge iko na mama yake. Lakini weye, mama yako iko wapi?"

Nilitaka kumrushia sahani. Ndipo nilipoelewa kwamba nge hakuwahi kuwa sababu, alikuwa kitambaa cha kufunikia tu, na tulipokivuta chini yake palikuwa na woga ule ule na jeuri ile ile. Numbi alinyooka. Ile adabu ya kuinama ikamtoka mgongoni. Alisema, na sauti yake haikupanda, "Mama alikufaka juu damu ilitokaka mingi, na hakukuwaka muntu wa kuikataza. Minyi sikumukulaka, Mama. Sikukuwaka hata na meno." Akamgeukia Banza, akamwuliza kama ana neno. Banza alimtazama shangazi yake, akatazama samaki, akamega tonge. Sikutegemea amrukie shangazi yake. Nilitegemea neno moja. Alikula. Numbi alisubiri mpaka tonge lile likamezwa, kisha akalichukua beseni na watoto wote ndani yake, akatoka nalo mlango wa nyuma kuelekea kwenye udongo mwekundu. Aliporudi mikono mitupu wageni walikuwa wamekwenda, na tulikula wenyewe sisi wanawake watatu, samaki wote, mpaka mifupa.

Sitasimulia maisha yake yaliyobaki. Nilikusudia mwaka mmoja tu. Ila kuna jambo lililotoka mwaka ule ambalo kila mwanamke wa Kamina wa umri fulani analijua na hajui lilikotoka. Numbi aliingia hospitali kusaidia wakunga, akajifunza, akawa mkunga mwenyewe. Kila mara uzazi ulipokuwa mgumu, mama ametokwa na damu nyingi, amenusurika au hakunusurika, Numbi alimbeba yule mtoto mpaka barazani kwa ndugu, kabla ya kitu kingine chochote. Aliingiza kidole kidogo mdomoni mwa mtoto, akaufungua mbele ya wote, akasema, "Muangalie. Huyu haiko na meno." Hakuondoka mpaka kila mmoja ameinama na kuangalia. Watu walidhani ni dawa, au ni baraka. Ilikuwa ni hasira, naijua, tulilala nayo kitanda kimoja.

Basi pale msibani, wasichana walipokwisha kunikalisha, mchungaji alitabasamu kidogo kwa ajili yangu, akafungua tena Biblia yake aendelee. Ndipo Mama Selina aliposhika fimbo akasimama. Ilimchukua muda, ni mzito, na hakuna aliyethubutu kumvuta kitenge mama yake mchungaji. Hakututazama sisi. Alimtazama mwanawe. Akasema, "Siku ulizalwaka, minyi nilikuwa nakufa. Bakwetu balikuwa kule inje banasema umeniua. Numbi njo alinirudisha. Akakubeba, akakufungula kinywa mbele yabo, akasema huyu haiko na meno." Alipumzika juu ya fimbo. "Leo uko nayo."

Mchungaji alifunga kinywa. Sisi wanawake tukaanza wimbo, tukamnyanyua Numbi wenyewe tukaenda naye makaburini.